Upepo Ndani ya Bidoni

Niliamini, na ningeapa mbele ya padri na pasta kwa pamoja, kwamba upepo wa ziwa Edouard unauzwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Sitoi mfano hapa. Niliamini kabisa kwamba huko chini, katika vijiji vya wavuvi, kuna wamama wanaokaa nyuma ya meza zao kama wale wa mafuta ya mawese: hapa upepo wa asubuhi, mwepesi, wa bei ya chini, pale upepo wa jioni, mzito, wa kusukuma mizigo. Ukitaka kusafiri unanunua bidoni yako, unaifunga vizuri, unaibeba. Ukiifungua ovyo, safari imekwisha, mtakaa katikati ya maji mpaka muote magamba. Niliambiwa hivyo na mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kunidanganya, nami nikawaeleza wenzangu wote wa darasa la pili hapa Butembo. Mmoja wao alimwomba shangazi yake amletee lita tano za kukaushia nguo.

Mambo haya yamenirudia juzi kwa njia ya pua. Mvua ilikuwa imenyesha, ile mvua yetu isiyobisha hodi, na lori lililotoka Kipese lilikuwa limesimama sokoni. Vijana wakavuta bashi lake ili washushe mzigo. Harufu ikatoka: turubai lililolowa, vitunguu, pwaro zile za majani marefu kama ya vitunguu, na kwa mbali kidogo mbuzi. Wengine waliziba pua. Mimi nilisimama na mwavuli wangu, mtu mzima mwenye diploma, nikaanza kucheka peke yangu mpaka muuza sabuni mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Kwangu ile ndiyo harufu ya upepo. Mwenye kusema upepo hauna harufu hakusafiri chini ya tanga la mtumbwi wa Katembo.

Bon, nianze vizuri.

Mujomba Kasereka, ndugu mdogo wa mama, alikuwa amempenda msichana wa Vitshumbi, kule mwisho wa ziwa upande wa kusini. Jina lake Kahindo. Alikuwa amekuja Butembo kumtembelea dada yake, akauza samaki wa chumvi kwa wiki chache, na mujomba, ambaye hakupenda samaki hata kidogo, akala samaki mpaka tukaogopa ataanza kupumua kwa masikio. Wazee wakaongea. Mbuzi wakakubaliwa. Kwetu, mnajua, unaweza kuwa na maneno matamu kama asali ya Lubero, lakini bila mbuzi wewe bado ni mpita njia. Kumbe baba ya Kahindo alikuwa na mgeni mwingine, kijana wa Kanyabayonga mwenye pikipiki mpya. Akatuma neno lililofika kwetu kama jiwe: mbuzi wafike Jumamosi, wazima na wanene, ao pikipiki itapita mbele.

Na barabara ya Kanyabayonga ilikuwa imefungwa. Sababu tunaijua sote, sitapoteza wino. Basi ilibaki njia ya maji: kushuka Kyavinyonge, kupanda mtumbwi, kufuata ukingo wa ziwa kutoka bandari hadi bandari.

Mama ndiye aliyekuwa mkubwa wao, kwa hiyo ndiye angesema mbele ya wakwe. Baba alikuwa Beni, anajenga nyumba ya mtu kule upande wa Mavivi. Mimi hakuna jirani aliyenitaka: wiki ile ile nilikuwa nimejaribu kumfundisha kuku wa pasta kuruka kutoka juu ya paa. Nikabebwa pamoja na mbuzi.

Asubuhi ya kuondoka, mama alitoa nyuma ya jiko bidoni ya njano ya lita tano, ile ya mawese. Akaiosha kwa majivu na maji ya moto, akaikausha, akakaza kifuniko kwa meno yake mwenyewe. Niliuliza ni ya nini. Alikuwa anaangalia upande wa bonde, kule ambako ziwa liko, ingawa kutoka kwetu halionekani.

Kyavinyonge ilinipiga kwa joto kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Ndege wale wakubwa, marabu, walikuwa wanatembea sokoni mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, na kiboko mmoja alilala nyuma ya kanisa, mnene kuliko kanisa lenyewe. Mama akatoa bidoni ndani ya mfuko wake wa nguo. Tazama ajabu: ilikuwa imebonyea mbavu zote mbili, kama mtu aliyefunga kwa maombi. Akafungua kifuniko. *Fyuu!* Bidoni ikavuta pumzi, ikajaa, ikasimama imara mbele ya macho yangu. Mama akaifunga tena.

«Mama, imekunywa nini?»

Aliniangalia, akaangalia ziwa. Kisha akachuchumaa.

«Imekunywa upepo, Paluku. Ndjo upepo yenye itatufikisha. Weye ndjo mulinzi yake. Hapana kuivua. Ukikula, iko kwa mugongo. Ukilala mu mutumbwi, iko kwa mugongo. Umesikia?»

Akanifunga ile bidoni mgongoni kwa kitenge, kama wanavyofunga mtoto mchanga, fundo moja kifuani, fundo lingine tumboni, akavuta mpaka nikakohoa.

Halafu, jambo ambalo niliona la akili sana, alikwenda kwa wauza bidoni akataka nyingine zaidi. Alizizamisha moja moja majini na kuzikandamiza. Kila moja ilitoa mapovu; zote zilikuwa zimezibwa kwa plastiki iliyochomwa. Akazirudisha zote. Nikajisemea: hapa upepo wao si wa ubora, mama ni mfanyabiashara, hawezi kudanganywa.

Mwenye mtumbwi alikuwa Katembo, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye aliitwa Kapiteni na kila mtu, hata na marabu. Mtumbwi wake wa mbao ulikuwa mrefu, na zamani ulikuwa na motere, injini ya kuusukuma.

«Motere iko Beni kwa fundi,» alisema, «itatoka wiki hii.»

«Aliniambia vile mwaka jana,» akasema mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu.

«Wiki ni wiki! Sikusema wiki ya nani!»

Kwa kungoja wiki hiyo alikuwa amesimamisha mti katikati ya mtumbwi na kutundika bashi la lori la vitunguu lililozeeka. Wavuvi wengine wa pwani ile walikuwa na motere ao makasia, wakamcheka kama watu wanaomcheka mtu aliyevaa koti wakati wa jua. Lakini tulipotoka, na upepo ukaingia ndani ya bashi, likavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, na harufu ya vitunguu vya Kipese ikashuka juu ya vichwa vyetu. Nikashika bidoni yangu kwa nyuma. Ilikuwa inafanya kazi! Nilijaribu kupumua polepole ili nisiisumbue.

Mama alikaa chini kabisa, katikati ya mbuzi, mkono mmoja umeshika ubao na mwingine umeshika fundo la kitenge changu. Hakuangalia maji. Aliangalia milima iliyokuwa upande wetu wa kuume, iliyosimama kama ukuta, kana kwamba angeweza kuifikia kwa macho. Sisi ni watu wa mlima. Maji tunayajua kwa kikombe.

Safari ile, wapendwa, ndiyo iliyonifundisha dunia. Tulienda kwa kukata vipande: upepo ukituchukua tunakwenda, ukilegea tunaingia bandari ndogo kutafuta chakula. Na hapo ndipo tulipoelewa mbuzi ni nini. Mbuzi ndani ya mtumbwi anakula kama anayelipwa. Walikula nyasi zao, wakala mkeka, wakala kofia ya Kapiteni pamoja na jasho lake, wakala kitabu cha nyimbo mpaka karibu na nyimbo za Krismasi. Kila tulipogusa nchi mujomba alishuka na panga kukata majani, mama akashuka kutafuta unga, chumvi na samaki, na mimi nikashuka na upepo wangu.

Tulipofika bandari ya Kamandi, watoto walinizunguka. Walikuwa wanatoka majini kama bata, uchi, wanang'aa.

«Weye! Mbona mimba yako iko kwa mugongo?»

«Hapana mimba. Ni upepo.»

«Upepo ya nini?»

«Ya kusukuma mutumbwi. Mama alinunua Kyavinyonge. Nyie hamuna?»

Walicheka mpaka wengine wakaanguka mchangani. Mmoja akasema: «Kuya basi tuogelee na upepo yako!» Nikaruka kwenda, na kabla mguu wangu haujagusa maji mama alikuwa amenishika kwa fundo, sijui alitokea wapi, alikuwa kwenye meza ya chumvi mbali kama kutoka hapa hadi posta.

«Mutoto wa mulima hapana kuogelea,» aliwaambia wale watoto.

Mimi niliona ni heshima. Mlinzi wa upepo haogi ogi na watu.

Shida ilitukuta Taliha. Tulipokuwa tunafunga mtumbwi, mbuzi dume, yule mwenye ndevu tuliyemwita Kamisa, alitoboa mfuko wa unga, na wenzake wakamsaidia kwa moyo wote. Tulipogeuka, unga wote ulikuwa ndani ya mbuzi. Pesa za mama za kununulia chakula zilikuwa zimekwisha kwa unga, chumvi na samaki. Ilikuwa Alhamisi, na Vitshumbi ilikuwa bado mbali.

Kulikuwa na mama mmoja wa makemba, zile ndizi za kupika, na samaki wa moshi, mwanamke mrefu aliyeketi juu ya kigoda. Alitutazama, akatazama mgongo wangu.

«Ile bidoni ni muzima?»

«Ni muzima,» akasema mujomba upesi.

«Nipeni bidoni, nitawapa mukungu ya makemba na samaki zenye mutakula mpaka Vitshumbi. Bidoni yangu inavuja mawese, inalisha udongo.»

Mujomba aligeuka kwa mama, ambaye alimwita yaya kwa kuwa ni dada yake mkubwa, uso umefunguka kama dirisha.

«Yaya, umesikia? Mungu ametuona!»

«Hapana.»

«Yaya! Bidoni moja!»

«Hapana, Kasereka.»

«Tutakufa na njaa juu ya bidoni? Mais yaya, ni bibi yangu yenye inangoja kule! Mutu ya pikipiki hachungi bidoni, anakula, anashiba, anafika!»

Mama hakubishana. Alifungua mfuko wake wa nguo akatoa viatu. Ninyi mliowahi kuona viatu vile, mnakumbuka: vyeusi, vya kisigino, vya ngozi kweli, ambavyo baba alivileta kutoka Beni ndani ya boksi, na mama alivivaa Pasaka na Noeli tu, halafu anavifuta na kuvirudisha ndani ya boksi kama mayai. Alikuwa amevileta avae siku ya kusema mbele ya wakwe. Akaviweka mbele ya yule mwanamke, juu ya meza, kati ya samaki.

Yule mwanamke akaviangalia. Akamwangalia mama. Hakusema bei. Alisukuma mkungu wa makemba, akasukuma samaki, halafu akaongeza samaki wengine.

«Wasingya,» mama akasema. Asante.

Mujomba alikaa chini mchangani, akashika kichwa. «Utasimama mbele ya wakwe miguu chini. Yaya. Watasema tumetoka kulima.»

«Tumetoka kulima,» mama akajibu.

Nilijivuna, jamani. Nilijivuna sana. Mama yangu alikuwa ametoa viatu vya Pasaka ili kulinda upepo wangu.

Ijumaa mchana upepo ulikufa. Bashi lilining'inia kama nguo ya mtu aliyekonda. Tulikuwa mbali kidogo na ukingo, maji yamelala kama kioo, jua linapiga kichwa kwa nyundo. Kapiteni na mujomba wakashika makasia, wakapiga, wakapiga, na mtumbwi uliojaa mbuzi ulisogea kwa aibu. Mujomba alianza kuongea peke yake. Alikuwa anahesabu bandari zilizobaki, halafu anahesabu tena kana kwamba moja ingeondoka. Niliona jasho lake, halafu niliona kwamba jingine halikuwa jasho.

Nikaelewa kwamba saa yangu imefika. Upepo ulikuwa mgongoni mwangu, tulikuwa tunauhitaji, na mlinzi mwema anajua siku ya kufungua ghala. Nikasimama kati ya mbuzi. Nikalegeza fundo la kifuani. Nikavuta bidoni mbele, nikaielekeza kwa bashi, nikashika kifuniko.

«Mujomba, usilie. Nitafungua.»

Mama alinikamata mkono hata mfupa ukalia. Sijawahi kusikia sauti ile kabla, wala baada yake.

«Hapana kufungua! Hapana kufungua, Paluku!»

Mbuzi wenyewe walinyamaza. Alinifunga upya, fundo juu ya fundo, halafu akanikalisha kati ya magoti yake. Nilidhani amekasirika kwa sababu ningemaliza akiba. Kapiteni alikuwa ameacha kupiga kasia. Alitutazama, akatazama mlima, akasema polepole, bila mzaha hata mmoja:

«Mama Paluku, mukaze tena. Upepo inakuya yenyewe.»

Kweli ulikuja. Ulishuka kutoka mlimani na mvua mkononi. Kioo kikavunjika. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini mawimbi yale, nawaambia, yalikuwa yanainama kutuchungulia ndani. Bashi lilipasuka upande mmoja kwa sauti ya bunduki, na upande uliobaki ukatuvuta kama ng'ombe aliyekimbia. Mujomba alichota maji kwa sufuria ya bugali, Kapiteni kwa beseni, na Kamisa yule mbuzi, badala ya kusaidia, akaruka nje! Tukadhani amekwenda. Kumbe aliogelea kando yetu, ndevu juu, kama mzee anayewasindikiza wageni, mpaka Kapiteni akamvuta kwa pembe.

Mama aliimba. Wimbo wa kanisani, wa Kinande, ubeti ule ule kila mara, kwa sababu mbuzi walikuwa wamekula uliofuata. Mkono wake mmoja haukushika tena ubao. Yote miwili ilikuwa kwenye fundo langu.

Na mimi? Mimi sikuogopa hata kidogo. Kwa nini niogope? Dhoruba ilikuwa upepo mwingi, na mimi nilikuwa mlinzi wa upepo; niliona tu kwamba ndugu zake wamekuja kuusalimia. Nilipiga makofi.

Ile ile dhoruba ndiyo iliyotutupa karibu na Vitshumbi kuliko makasia ya siku mbili. Jumamosi asubuhi tuliingia bandarini na nusu ya bashi. Watu walikuwa wamesimama ukingoni, baba ya Kahindo mbele na kofia yake, na nyuma kidogo, chini ya mti, ile pikipiki na kijana wake. Mbuzi walishuka wanene, wamejaa unga wa Taliha mpaka wanatembea kwa kuyumba. Halafu akashuka mama. Kitenge safi, kitambaa cha kichwani safi, na miguuni, kwa kuwa Kapiteni alikataa ashuke miguu chini, buti za mpira za Kapiteni, kubwa, zinazosema *kwap, kwap* kila hatua.

Baba ya Kahindo alizitazama buti.

«Huyu ndjo mwenye anasemea bwana-arusi?»

«Ni mimi, baba,» mama akasema. «Viatu vimebakia Taliha. Watu wote wamefika.»

Mzee aliziacha buti. Alizunguka mbuzi, akawapapasa migongo, akatazama bashi lililopasuka, akatutazama sisi jinsi tulivyolowa. Kisha akageuka kwa yule kijana chini ya mti.

«Mutoto yangu, rudia nyumbani mbele mvua inakuya tena. Unaweza chafua pikipiki.»

Kahindo alicheka mpaka akaficha uso. Mujomba hakucheka. Alikuwa amelala mchangani, amekumbatia mbuzi.

Miaka imepita kama lori lisilo na breki. Nilisoma shule ya jioni nikiwa na ndevu, baada ya kazi, na siku mwalimu wa fizikia alipoeleza kwamba hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, na kwamba chombo kilichofungwa mlimani kitabonyea kikishuka bondeni, nilipiga meza nikapaza sauti: «Bidoni ya mama!» Darasa zima likaamka. Tangu hapo nilijiona nimemaliza hesabu na upepo ule. Nikawa ninasimulia kila karamu, kila mara mawimbi yanaongezeka kidogo, na mbuzi wanakula kitu kipya.

Mwaka huu binti wa mujomba Kasereka na Kahindo ametolewa mahari, na safari hii mbuzi wamekuja kwetu. Mchana, uwanjani, nikasimama mbele ya wageni nikasimulia tena. Watu wakacheka, Kahindo akapangusa machozi, mujomba akaiga *kwap, kwap*. Nikamaliza kama ninavyomaliza kila mara:

«Na mpaka leo, ndugu zangu, mimi mwenye diploma, kitu kimoja hakijanielea. Upepo ni wa bure! Mama, juu ya nini ukatoa viatu vya Pasaka na kuacha bidoni tupu?»

Mama alikuwa ameketi pembeni, anachambua maharagi kwenye lungo. Amezeeka, masikio yamezeeka, lakini hilo alilisikia. Hakuinua kichwa.

«Ningekuambia ni ya nini, ungelia njia yote,» alisema.

Akatupa jiwe dogo chini, akaendelea kuchambua.

«Mule hamukukuwa upepo, Paluku. Mu ule mutumbwi hakukuwa mutu mwenye alijua kuogelea, hata Katembo. Na bidoni yenye haikuvuja ilikuwa moja.»